Kimya Baada ya Milio Saba

Burslem, Stoke-on-Trent
3 Machi 2018

Mpendwa Bwana Brindley,

Hunijui, ingawa tuliwahi kupeana mkono mara moja mwaka 1981, kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi hapa Burslem. Wewe ulikuwa umejipaka wanja na mimi nilikuwa nimeshika koti la mtu. Jina langu ni Glenys Tunnicliffe. Mwenye koti alikuwa Clive, ambaye baadaye alikuja kuwa mume wangu. Alifariki tarehe 11 Februari kwa ugonjwa wa kifua, saa nne asubuhi, jua likiwa limefika hadi kwenye blanketi.

Anwani yako nimepewa na kampuni ya Leeds inayotaka kutoa upya wimbo wenu, "Nipigie Saa Kumi na Mbili". Mpwa wangu Bethan alinionyesha picha ya ganda jipya la santuri kwenye simu yake. Nilifurahi kuona jina la Saggars limeandikwa tena. Nilidhani tumebaki watu wachache tu tunaokumbuka kuwa palikuwa na bendi iliyojiita kwa jina la yale makasha ya udongo ya kulindia vyombo tanurini. Kisha nikasoma majina. Sauti na gitaa: Nigel Brindley. Kinanda: Julian Frame. Nikamwambia Bethan azikuze herufi, kana kwamba Clive angekuwa amejificha nyuma ya Julian.

Bwana Brindley, nina swali moja. Je, mume wangu alikuwa mwanabendi wa Saggars?

Siku ya mazishi, tulipokuwa tunakula chapati za oti na jibini hapa nyumbani, nilisema kwamba Clive ndiye aliyetunga ule mlio wa kinanda ambao kila mtu wa umri wetu anaujua. Binamu yake Trevor akasema, "Clive? Kwenye televisheni? Labda alikwenda kuitengeneza!" Watu wakacheka, wala si kwa ubaya. Nami nilicheka. Lakini nilipokuwa naosha vikombe niligundua kwamba sina kitu cha kumwonyesha Trevor. Nina neno la Clive tu, na wimbo huo aliuzungumzia mara mbili tu katika miaka thelathini na saba.

Kampuni inasema majina yanaweza kubadilishwa hadi tarehe 30 Aprili, kabla maganda hayajachapwa, na kwamba mwenye uwezo wa kuyabadilisha ni wewe peke yako.

Wako kwa heshima,
Glenys Tunnicliffe


Stromness, Orkney
19 Machi 2018

Mpendwa Bi Tunnicliffe,

Pole sana kwa msiba. Barua yako ilichelewa kunifikia kwa sababu feri haikuvuka kwa siku tatu.

Ndiyo, nilimfahamu Clive. Alitusaidia siku za mwanzo. Alikuwa fundi hodari na mtu mpole. Majina yaliyo kwenye ganda yametoka katika karatasi za mwaka ule, na sidhani kama ni vyema kuyachokonoa sasa. Mimi siku hizi nawakatia watu tiketi bandarini. Mambo ya nyimbo niliyaacha zamani.

Alikuwa na mikono mikubwa. Hilo nalikumbuka.

Wako,
N. Brindley


Burslem
27 Machi 2018

Mpendwa Bwana Brindley,

Asante kwa barua yako, na asante zaidi kwa ile mikono. Ni kweli. Glavu zake nilikuwa nikizinunua duka la wakulima.

Unasema "alitusaidia". Nimelifikiria neno hilo wiki nzima. Saggars mlikuwa wawili tu, na ngoma ilikuwa mashine. Sasa alikusaidia wewe na nani?

Sikuandikii kwa hasira. Niruhusu nikwambie ninayoyakumbuka, nawe unirekebishe nikikosea.

Nakumbuka kile kinanda cha umeme alikiunda mwenyewe juu ya meza ya mama yake ya kupigia pasi, kwa vipande alivyokuwa akiagiza kwa posta. Sanduku lake lilikuwa droo ya kabati la marehemu baba yake, na kwa ndani bado lilinuka nondo. Wakati ule alikuwa akimwaga udongo wa maji kwenye kalibu za mabirika, na mimi nilikuwa chumba cha juu, nikitia dhahabu kwenye midomo ya vikombe. Kwao hakukuwa na simu, kwetu ilikuwepo. Kila siku saa kumi na mbili jioni, bei ya simu ikishashuka, alinipigia kutoka kibanda chekundu cha simu kilicho kona ya Hamil Road. Nikiinua mkono wa simu nilisikia kwanza ile milio ya haraka inayolia mpaka mpigaji asukume sarafu yake. Pi-pi-pi-pi. Aliniambia kuwa kwenye wimbo wenu mlio wa kinanda ni huo. Ndiyo mara ya kwanza kati ya zile mbili.

Nakumbuka asubuhi mliyokwenda London kwa ajili ya televisheni. Ilikuwa Jumatano. Wasichana ndiyo kwanza walikuwa wanaingia kazini, nami nilimkuta amesimama nje ya geti la kiwanda, amevaa suti ya kijivu aliyoshonewa na mama yake, na nywele amezichana kwa maji. Wenzangu walipata la kusema siku hiyo! "Glenys, bwana harusi kawahi! Kasisi hata hajaamka!" Na mwingine, "Kaka, hiyo suti ina ndugu yake, au ni yatima?" Clive alisubiri wamalize, halafu akaniambia, "Nimeghairi, Glen. Siendi. Afadhali nikae na wewe." Siku ile nilijiona malkia. Niliharibu vikombe kumi na viwili kwa furaha, na msimamizi alinisema hadi chakula cha mchana.

Kesho yake jioni tulitazama kwa mama yake, mtaa mzima umebanana sebuleni. Ukatokea wewe, ukapendeza. Pembeni yako akatokea yule kijana mwenye suti nyeupe, anapapasa mashine ya Clive kama anayempangusa paka. Elsie, mama yake Clive, akauliza, "Huyo ni nani? Na mbona mashine haina waya? Anapiga kwa maombi?" Watu wakaangua kicheko. Clive alikuwa na sahani mapajani. Akasema tu, "Anasimama vizuri, kijana huyo."

Kwa miaka yote iliyofuata, kila wimbo wenu ulipopigwa dukani, aliweka kikapu chini na kusimama wima mpaka uishe. Kisha alikiokota tukaendelea na viazi. Kama alikuwa na kinyongo, mimi sikukiona.

Wewe ni mtu wa hapa, kwa hiyo unajua kwamba sisi hatuli kabla hatujageuza sahani kutazama chini imetoka kiwanda gani. Siku ya harusi yetu Clive aligeuza sahani ya keki, keki ikiwa bado juu yake. Chini ya kila kikombe nilichokitia dhahabu kuna nukta mbili na mkia. Ndiyo alama yangu. Mimi nimebaki chini ya vikombe vya watu nisiowajua, hadi Australia. Clive hajabaki popote. Ndiyo maana nakuomba uandikie kampuni. Aliiacha televisheni kwa ajili yangu, na naona ni deni langu kumtafutia mahali.

Glenys Tunnicliffe


Stromness
9 Aprili 2018

Shemeji Glenys,

Niruhusu nikuite hivyo, ingawa ukishamaliza kusoma huenda ukanikataza.

Barua yako niliisoma nikiwa ndani ya kibanda changu cha tiketi, na watu walipanga mstari mpaka nje. Mzee mmoja aligonga kioo akasema, "Nigel, bahari itakauka kabla hujanipa tiketi." Nikampa ya kwenda, nikasahau ya kurudi.

Clive hakuwa msaidizi. Saggars ilikuwa ni Clive. Mimi nilikuwa mrefu, nilikuwa na wanja wa dada yangu, na niliweza kuimba bila kuona haya. Kila kitu ambacho watu wanakikumbuka katika wimbo ule kilitoka katika ile mikono mikubwa. Tulirekodi mwezi wa Julai. Alipiga mara moja tu, kwa kidole kimoja, macho yakiwa kwenye mshale wa saa ya ukutani, kama nilivyomwona akiangalia saa kiwandani akisubiri udongo ushike kwenye kalibu. Fundi wa studio alimwambia, "Rudia, kwa usalama." Clive akamwuliza, "Kuna kilichoharibika?" Fundi akasema hakuna. "Basi," akasema, akaanza kukunja waya wake.

Sasa nikwambie lile ambalo sijamwambia mtu. Wimbo ulipoanza kupanda, bwana mmoja wa kampuni ya santuri alinipeleka kula chakula na akaniambia kuwa Clive hafai kuonekana kwenye televisheni. Alisema anafanana na mtu aliyeleta makaa ya mawe. Alikuwa amempata kijana anayeitwa Julian, mwanamitindo. Kwenye kipindi kile hakuna aliyepiga chochote. Walichezesha kanda nasi tukaigiza juu yake, kwa hiyo hata farasi angeweza kukaa kwenye kinanda. Mimi nilitakiwa tu kumweleza Clive.

Sikuweza, shemeji. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa mwoga. Treni yetu, mimi na Julian, iliondoka saa moja kamili asubuhi. Niliandika kikaratasi nikakipitisha chini ya mlango wa mama yake: "Treni ni saa tatu. Mashine iko kwangu, nitaibeba mimi. N." Kwa hiyo alipofika kituoni sisi tulikuwa tumeshafika mbali. Miaka yote hii nimekuwa nikimwona amesimama pale peke yake na suti yake, anatazama saa ya kituo. Sikujua kuwa ilikuwa ya kijivu. Sasa najua na rangi yake.

Hakughairi. Mimi ndiye niliyemwacha. Samahani kwamba nakunyang'anya hilo, lakini umeniuliza kwa upole mno, nami siwezi kukuongopea.

Watu wawili watatu kila mwaka hunitambua hapa bandarini na kuniuliza kwa nini tulikuwa na wimbo mmoja tu. Huwa nawajibu kwa utani. Jibu la kweli ni kwamba nilikuwa na Clive mmoja tu. Kinanda chake ninacho hadi leo. Hakijawahi kulia tena. Waya wake hatukuupata, na tulipojaribu mwingine kitu kiliungua ndani.

Nikiandikia kampuni wataniuliza kwa nini jina lake halikuwepo tangu mwanzo. Bado natafuta namna ya kujibu.

Nigel


Burslem
16 Aprili 2018

Nigel,

Barua yako nimekaa nayo siku nne. Siku ya kwanza niliiweka chini ya birika ili nisiione. Siku ya pili nililia. Miaka thelathini na saba nimeishi nikijua kuwa mimi ni mwanamke aliyechaguliwa badala ya London. Si jambo dogo hilo kwa msichana wa kutia dhahabu vikombe. Tulipogombana, na tuligombana kama watu wote, nilijiambia, huyu aliiacha treni kwa ajili yako, Glenys, mpe chai. Kumbe treni ndiyo iliyomwacha.

Siku ya tatu nilikuwa natoa vumbi kwenye saa ya ukutani, nikashtuka, nikakaa chini.

Nigel, ulimwandikia saa tatu. Mimi nilimkuta getini saa mbili kasorobo.

Nina hakika na saa hiyo kama ninavyojua jina langu, kwa sababu king'ora cha kwanza kililia alipokuwa anasema "Nimeghairi". King'ora cha kwanza kilikuwa saa mbili kasorobo, cha pili saa mbili, na baada ya cha pili ulikatwa mshahara. Kama kweli alifika kituoni saa tatu akawakosa, angekuja kwangu saa nne, na angenikuta juu, nimeshika brashi. Alikuja mapema.

Wewe ulikuwa karani kwenye kiwanda cha vigae, siyo? Mlianza kazi saa tatu. Kwa hiyo ulidhani ukimwambia mtu saa tatu, atakuja saa tatu. Umesahau watu wa udongo walivyo. Clive alikuwa anamwaga udongo wa kwanza saa kumi na mbili asubuhi tangu alipokuwa na miaka kumi na sita, na hakujua tena kufika mahali kwa wakati. Alijua kufika kabla. Kwa daktari wa meno tulikuwa tunamngojea daktari afungue mlango. Siku ya harusi alimkuta mfagiaji kanisani, akamsaidia kupanga viti. Ukimwambia treni ni saa tatu, saa moja kasorobo yuko kituoni na mkate wake mfukoni.

Kwa hiyo aliwaona. Aliwaona wewe na Julian mkipakia mashine yake. Alikuwa hatua chache tu kutoka kwenu, au ng'ambo ya reli, sijui, na hakuita. Mimi nimeolewa naye, naweza kukwambia kwa nini. Hakupenda mtu aaibike mbele yake. Hata mwizi wa baiskeli yetu alipokamatwa, Clive alitazama pembeni.

Na kuna jingine. Kwenye droo ya jikoni, pamoja na mishumaa na kamba, kuna waya wa ajabu wenye pini tano. Umekaa humo tangu tulipohamia. Kila nilipotaka kuutupa alisema, "Uache, Glen, una kazi yake." Nadhani ndio unaoutafuta. Alikuwa nao mfukoni kituoni.

Sasa nakwambia la siku ya nne. Nilifikiri: mtu ameachwa kituoni saa moja asubuhi. Angeweza kurudi kitandani. Angeweza kwenda kwa mama yake, ambaye angekwenda London kwa miguu kukupiga. Alipanda basi akaja kwenye geti langu, akavumilia maneno ya wasichana wale, na akaniambia afadhali akae na mimi. Sababu aliibadilisha kidogo. Geti hakulibadilisha. Hilo nimeamua kulishika, na hujaninyang'anya.

Swali la mwisho. Tuna nakala mbili za wimbo wenu. Ya kwanza alipewa mwezi wa Septemba. Ya pili nilimnunulia mimi kwa siku yake ya kuzaliwa, mwezi wa Novemba, kwa sababu sikujua kuwa anayo. Ndani ya bahasha ya karatasi ya hii ya pili ameandika kwa penseli: "14 Novemba 1981. Nimeiona. Nashukuru, N."

N ni wewe. Aliona nini?

Shemeji yako,
Glenys


Stromness
24 Aprili 2018

Shemeji Glenys,

Nimeshawaandikia Leeds. Sikutafuta namna ya kujibu tena, niliandika yote kama yalivyokuwa, kituo, kikaratasi na yule bwana aliyemfananisha na mleta makaa. Wamenipigia simu leo asubuhi. Ganda litasomeka: "Muziki wote na kinanda: Clive Tunnicliffe." Jina lake litakuwa juu na langu chini yake. Niliomba hivyo mimi. Picha ya Julian inaondolewa. Msichana aliyenipigia hakuwa amezaliwa wakati ule, lakini alisema, "Kwa hiyo ndiye aliyetunga ule mlio? Mama yangu huuimba akiosha vyombo!"

Sasa kuhusu alichokiona. Chukua ile santuri ya Novemba, ugeuze upande wa pili. Kati ya mwisho wa wimbo na karatasi ya katikati kuna sehemu nyembamba iliyo tupu. Ipeleke dirishani, uinamishe ili mwanga uipite.

Baada ya televisheni santuri ziliuzwa sana mpaka kalibu ya kiwandani ikachakaa, ikabidi wakate nyingine. Nilikuwepo siku hiyo. Fundi mkataji alikuwa na mazoea ya kuwapa wanamuziki sindano waandike neno lolote pale, utani au jina la mpenzi. Alitoka kwenda kuchukua chai. Ndilo jambo pekee la ujasiri nililofanya mwaka ule, na lilikuwa na urefu wa ukucha. Niliamini hakuna atakayeliona. Mtu gani ananunua wimbo kisha anakagua sehemu isiyo na wimbo?

Nilisahau ninatoka mji gani.

Nimebaki na kitu kimoja nisichokielewa. Kwenye wimbo, kila baada ya milio saba pana kimya. Bwana wa kampuni alitaka tukizibe kwa ngoma, alisema wasikilizaji watadhani redio imekufa. Clive hakuwahi kubishana na mtu, lakini siku ile aliweka mkono juu ya mashine akasema, "Usiguse hapo. Hapo pana mtu." Kikabaki. Wajuzi wameandika kuwa kimya kile ndicho kilichoufanya wimbo ushike roho za watu. Mimi ndiye niliyekuwa nauimba, na hadi leo sijui alimaanisha nani.

Nigel


Burslem
10 Juni 2018

Shemeji Nigel,

Santuri mpya zimefika jana, kumi. Moja nimempelekea Trevor mwenyewe mlangoni. Alisoma jina, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akasema, "Sasa mbona hakusema, mpumbavu yule?" halafu akaingia ndani upesi, na mkewe akaniambia analia jikoni. Nyingine iko ukumbini, pale tulipopeana mkono. Wameitundika ukutani pembeni ya ratiba ya bingo. Mtu wa kwanza kuingia aliishusha na kuigeuza kutazama nyuma.

Ile ya Novemba niliipeleka dirishani kama ulivyoniagiza. Ilinibidi nimwite Bethan kwa sababu ya macho yangu. Akasoma polepole: "HII NI YA C.T." Mwandiko wako ni mbaya, shemeji, herufi ya mwisho imeteleza. Lakini ipo. Kwa hiyo tangu Novemba ile alijua kwamba wimbo una alama yake chini, kama kikombe changu. Nadhani ndiyo sababu alikuwa akisimama wima dukani. Wote pale walikuwa wakisikiliza, na yeye peke yake alijua kilichoandikwa upande wa pili. Nimeona pia kwamba alikujibu. Jibu lake limekaa kabatini miaka yote, halikuwa na anwani ya kulipeleka. Bahasha yenyewe naiweka humu ndani. Ni yako.

Ndani ya kifurushi utaukuta na waya. Nimeupangusa tu, sijaunyoosha, kwa sababu mikunjo ile ni ya mikono yake. Mpate fundi mzuri aangalie kilichoungua kabla hujauchomeka.

Na kuhusu kimya kile, naweza kukujibu. Ndiyo mara ya pili aliyozungumza nami kuhusu wimbo wenu. Ilikuwa mwezi wa Januari mwaka huu, hapa kitandani, redio ilikuwa inaupiga na pumzi yake ilikuwa fupi. Alinishika mkono, akasema, "Wewe ulikuwa husubiri, Glen." Nilidhani ni homa.

Nilikuwa sisubiri kweli. Nilipoinua simu, milio ile ililia, na ilipokatika tu, kabla sarafu yake haijafungua laini, mimi nilishasema, "Clive?" Nilijua hanisikii. Nilijua pia hawezi kuwa mwingine. Kila siku saa kumi na mbili nililisema jina lake kwenye kile kimya, na siku moja tu nilimwambia kuwa huwa nafanya hivyo. Alicheka akasema nitaharibu simu. Halafu akaenda kwa mama yake, akakaa kwenye meza ya kupigia pasi, akaniachia nafasi yangu.

Mimi sasa nina miaka hamsini na tisa na kifua changu nacho si kizima, vumbi lile la kiwandani halikuchagua. Siogopi. Ila naomba jambo dogo. Mashine ikipona, na ukaipiga huko kwenu kwenye upepo, ukimaliza milio saba usiendelee haraka. Subiri kidogo hapo, useme jina lake kwa sauti, kwa niaba yangu. Na ukishamtaja yeye, nikumbuke na mimi.

Glenys